Sifa za Taa ya Injini

Mtu akinunua pikapu hupongezwa yeye, hupongezwa dalali, hata matairi hupigwa teke la heshima. Anayesahaulika ni taa ndogo ya rangi ya chungwa kwenye dashibodi, ile yenye mchoro wa injini, ambayo huwaka wiki ya kwanza tu, gari likiwa limesheheni saruji katikati ya Mlima Kitonga. Gari linaishiwa nguvu, linapandisha kwa kujikongoja, na dereva anaitukana taa. Anaionea. Katika kuuziana kule kote, huenda ni hiyo peke yake iliyosema kweli.

Wala si taa isiyo na kwao. California iliidai kwa magari mapya ya kuanzia mwaka 1988, ikiwa na vita na hewa chafu, na kufikia 1996 Marekani nzima ilikuwa imeyabana magari madogo mapya kwa OBD-II, mfumo wa gari kujichunguza lenyewe.

Wasioipenda, wanaodai kwamba gari imara halihitaji taa, hutoa mfano wa Hilux ya mwaka 1988 ambayo mwaka 2003 kipindi cha Top Gear cha Uingereza kiliizamisha baharini, kikaitia moto, kisha kikaipandisha juu ya ghorofa lililobomolewa kwa baruti. Ikafukuliwa kwenye kifusi, ikapigwa spana, ikawaka. Sawa. Lakini pikapu ya namna hiyo humfundisha nini mwenyewe? Anaweza kuzeeka nayo bila kujua filta ya dizeli imekaa upande gani. Hilux za D-4D zilizokuja baadaye zina adabu zaidi. Dizeli husukumwa kwa mgandamizo unaopita bar 1,000, wakati tairi la gari hilohilo lina bar 2 au 3, kisha hupenyezwa kwenye vitundu vya nozeli vyembamba kama unywele. Maji kidogo tu yakiingia humo, mwenye gari ataanza masomo.

Mwalimu ni fundi, na fundi anayeijua kazi hakimbilii pampu. Anaanza kwenye betri: anakwangua ule unga mweupe na kijani kwenye vichwa vyake, anaushika waya wa ethi na kuutikisa, kwa sababu waya uliolegea huweza kuwasha taa na kusingizia vifaa visivyo na kosa. Mita ikisoma volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, na kama 14 ikinguruma, betri anaiacha. Anainama chini ya filta, analegeza skrubu na kukinga chupa ya plastiki iliyokatwa shingo. Yanatangulia maji, kwa kuwa ni mazito kuliko dizeli. Yanatulia chini ya chupa, dizeli inakaa juu, na mwenye gari anayaona kwa macho yake mafuta aliyouziwa. Fundi anakaza skrubu, anabonyeza pampu ya mkono mpaka inagoma kidoleni, anapiga stata.

Fundi wa haraka angefanya vingine. Angechomeka mashine ya kusoma makosa, akaona P0087, yaani mgandamizo wa mafuta umeshuka, akauza pampu nzima. Mashine ilitaja maumivu tu. Haikusema kama chanzo ni filta iliyoziba, bomba linalonyonya hewa au pampu yenyewe, na lawama hiyo nayo hubebeshwa taa.

Maadui wake wakubwa, hata hivyo, ni wauzaji. Mmoja huifuta kwa mashine asubuhi ya mauzo, akijua kwamba makosa mengi hayawashi taa mpaka yajirudie katika safari mbili. Ndiyo maana ubovu huitwa wa ghafla. Mwingine hung'oa balbu kabisa. Huyu hukamatwa kirahisi: ufunguo ukizungushwa kabla ya kuwasha injini, taa hiyo lazima ijionyeshe. Isipoonekana, mnunuzi na arudishe pesa mfukoni. Yule wa mashine naye huacha alama, kwa kuwa kompyuta iliyofutwa husema kwamba vipimo vyake havijakamilika.

Taa hiyo ina fadhila za kijamii pia. Pikapu nzima haina mwenyewe: Jumamosi ni ya shemeji anayehama Mbagala, Jumapili ni ya viti vya harusi ya jirani, na hakuna anayekumbuka kuweka mafuta. Taa ikiwaka, ukoo mzima hugundua kwamba Kirikuu za kukodi zipo kila kona. Muuza spea wa Gerezani anapata riziki, mamantilie wa jirani na gereji anapata mteja wa kushinda naye kutwa.

Tena haina kinyongo. Kwa kanuni za OBD-II, kosa lisipoonekana tena katika safari 3 mfululizo, taa hujizimia yenyewe bila kuombwa, ila kompyuta hulitunza kosa hilo mpaka injini ipate moto mara 40 hivi. Shemeji wa Mbagala hahitaji kuambiwa hesabu hizo. Taa ikizimika Ijumaa, usiku huohuo anapiga simu kuulizia kabati lake.