Diski Isiyojua Kushiba

Chai ya Mufindi imesifiwa, Mlima Rungwe umesifiwa, hata viazi vya Uyole vina wapenzi wao. Hakuna aliyejitokeza kuisifu SSD ya nje ya terabaiti 2 niliyoinunua katika duka moja mjini Mbeya. Leo nalipa deni hilo.

Sifa ndogondogo nizimalize haraka. Ina uzito unaoridhisha mkononi. Baridi ya Mafinga mwezi Juni haiitishi. Ni kimya: diski za zamani zikiugua hukwaruza mpaka jirani anasikia, hii huugua kwa staha.

Sifa yake kuu ni ukarimu. Haijawahi kutamka neno “nimejaa”. Niliipa picha za mahafali, ikapokea. Nikaipa video za harusi za ukoo mzima, pamoja na zile ndoa zilizokwisha vunjika, ikapokea. Konda wa daladala ya Uyole saa kumi na mbili jioni ana mahali anapokoma, hata kama amekwisha kukalisha juu ya ndoo ya mtu. Diski yangu haina. Nikaipa mahojiano ya wazee wa Kalenga kuhusu fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Ikapokea. Fuvu lilirudi, mahojiano hayajarudi.

Ukarimu wa namna hii una ufundi wake. SSD ya kweli huhifadhi data katika chipu za flashi, kumbukumbu aliyoibuni Mjapani Fujio Masuoka akiwa Toshiba katika miaka ya 1980, na chipu nyingine, kidhibiti, ndiyo inayojua kila kipande kimelazwa wapi. Katika diski yangu kidhibiti kimefundishwa uongo. Ndani mna gigabaiti 64. Kompyuta ikiuliza, kinajibu 2,000. Ukivuka zile 64, faili jipya linalazwa juu ya la zamani. Orodha haitikisiki: jina la faili lipo, tarehe ipo, ukubwa upo. Lifungue sasa.

Inafundisha subira pia. Kuna programu ya bure, H2testw, inayoijaza diski hadi mwisho kisha inasoma ilichoandika ili kuona kama kipo. Kwa kasi ya megabaiti 20 kwa sekunde, kujaza terabaiti 2 ni karibu saa 28, na bado hujaanza kusoma. Sisi wa Iringa, tunaopakana na bwawa la Mtera ambalo maji yake yanazungusha mitambo huko huko na tena Kidatu, tunajua saa 28 za umeme bila kukatika ni dua ya namna gani. Nikachukua bisibisi. Ndani nikakuta kadi ya memori ya simu, gundi, na kipande cha chuma. Ule uzito wa kuridhisha.

Tena inakuza utalii wa ndani. Kutoka stendi ya Igumbilo, Iringa, hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, unapita Makambako, Igawa, Chimala, ukiwa na boksi mapajani na karatasi ya waranti mfukoni.

“Mzee wangu, umeshaifungua. Waranti imekufa,” akasema kijana wa dukani.

“Nisingeifungua ningejuaje?”

“Usingeifungua tungekubadilishia.”

“Kwa ipi?”

Akaonyesha nyuma yake. Boksi za terabaiti 2, 8 na 16 zimepangwa vizuri, na kati ya ndogo na kubwa kabisa bei inapishana shilingi elfu 10.

Hapo sifa zilinikauka mdomoni. Elfu 10 kwa terabaiti 14! Kijana yule si mjinga, anafahamu anachouza. Aliyemletea anafahamu. Na aliyeruhusu mzigo uingie nchini hakuhitaji bisibisi. Risiti niliandikiwa kwa mkono siku niliyonunua kwa sababu mashine ya EFD “mtandao unasumbua”.

Nikaenda katika ofisi inayopaswa kunisikiliza. Kibao kipo mlangoni. Dawati lipo, limeandikwa Malalamiko. Daftari lipo, lina tarehe. Mhusika yuko semina. Diski yangu ingejisikia nyumbani pale.

Na sheria si kwamba hatuna. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza maelezo ya uongo juu ya bidhaa, na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi. Zote mbili ni kubwa kuliko gigabaiti 64.

Kwa hiyo ombi langu kwa mkaguzi yeyote anayelipwa kwa kodi zetu: usisubiri mlalamikaji mwenye risiti. Nenda dukani kama mteja, nunua boksi moja la terabaiti 16, liunganishe na kompyuta ya ofisi, anza kulijaza. Hutahitaji kufika hata gigabaiti 100.