Gugu Maji Agombea Uongozi wa Ghuba

GUGU MAJI: Mzee Kamongo, ghuba hii ya Winam inaniongoza mimi? Mimi ndiye ninayeiongoza! Asubuhi nilikuwa katikati, alasiri nimetia nanga Asembo Bay, na maji yote yamenifuata. Kwa hiyo taka za Kisumu zisikukoseshe usingizi. Mkondo utazifikisha Jinja, Mto Nile uzimeze, Wamisri wajue la kufanya.

KAMONGO: Umekuja ziwani juzi tu, mwishoni mwa miaka ya 1980, na tayari unahutubia. Wewe husukumwa. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa. Hewa yake hupanda, na upepo wa ziwani huja kuchukua nafasi, ukiburuta maji ya juu pamoja na majani yako mapana. Maji hayo yakirundikana ufuoni hayapandi kwenda Rarieda kutafuta shamba. Huzama, yakarudi chini kwa chini yalikotoka. Usiku nchi ikipoa upepo hugeuka, nawe hurudishwa bila kupigiwa kura. Mizizi yako inaelea, ndiyo maana unaijua nusu moja tu ya safari.

GUGU MAJI: Mbona baharini mkondo hufika mbali?

KAMONGO: Hufika, sikatai. Pwani ya Somalia, kusi ikivuma mkondo huelekea kaskazini. Kaskazi ikishika, hugeuka. Kaskazini mwa Atlantiki maji ya chumvi yakipoa huwa mazito, yakazama na kutambaa vilindini kwa mamia ya miaka. Lakini bahari ina kina na ina nafasi. Ghuba ya Winam ina kina cha mita chache tu sehemu kubwa, na njia yake kuu ya kutokea ni mlango mwembamba kati ya Uyoma na Rusinga. Mlango wa pili, wa Mbita, binadamu waliuziba kwa tuta la barabara, wakakaa miongo kadhaa ndipo wakaweka daraja. Humu maji huzunguka zaidi kuliko yanavyoondoka.

GUGU MAJI: Na mito je? Nyando na Sondu-Miriu inasukuma kila siku!

KAMONGO: Inasukuma, ila ziwa hili hupata maji yake mengi kutokana na mvua inayolinyeshea, na hupoteza mengi kwa jua. Jua hubeba maji matupu. Mbolea na maji taka huyaacha hapa, nawe unanenepa. Novemba 2022 samaki wa vizimba walikufa kwa wingi upande wa Kisumu, na watafiti wakataja upungufu wa oksijeni. Anayemwaga uchafu akitegemea mkondo auondoe ameagiza gari lisilokuwepo.

GUGU MAJI: Hoja nzito. Basi leo usiku nitahamishia kampeni Kendu Bay, upepo ukikubali.