Ng'ombe wa Mama Mkwe na Kamshafti ya Lori

Ugomvi ulianzia Goma, kwa muuza vipuri aliyemwambia mume wangu kwamba Mercedes 1113 yetu inashindwa na milima kwa sababu ya kamshafti yake ya zamani. Akamwonyesha nyingine yenye nundu kubwa, inayofungua vali juu zaidi na kuzichelewesha kufunga. Baba watoto alirudi Nyamitaba ameshaamua: ng'ombe auzwe. Ng'ombe huyo ni wa mama yake, na maziwa yake ndiyo jibini tunayouza.

"Uza lori," mama mkwe akamjibu, "ukanunue ng'ombe wa pili."

Tukamwita fundi. Akafungua injini, akazichomoa fito 12 za kusukuma vali na kuzipanga juu ya meza ya sebuleni, silinda ya kwanza hadi ya sita, kisha akaenda kuazima kipimo. Jioni wakwe wakabisha hodi. Binti yetu, mtoto wa adabu, akazizoa fito zote ndani ya beseni, akaziosha kwa sabuni, akaandaa meza. Fundi aliporudi alijishika kichwa: kila ufito umesuguana na roka yake miaka na miaka, ukiuhamisha vyuma vinaanza kulana upya. Nikamfokea mtoto. Mama mkwe akanikatiza: "Mwanangu, meza ni ya chakula."

Usiku tulikesha na taa tukilinganisha ncha na roka. Macho makali yalikuwa ya huyohuyo binti.

Asubuhi fito zikarudishwa, mume wangu akazungusha injini kwa mkono, fundi akapima kila ufito unavyopanda. Za kutolea moshi zilipanda sawasawa, isipokuwa ya silinda ya nne. Nundu yake ilikuwa imelika. Silinda ile haikuweza kutoa moshi wake wote, na hewa safi ikakosa nafasi ya kutosha kuingia. Ndiyo maana tulipanda kutoka Sake tukiacha wingu jeusi nyuma.

Kumbe lori lilikuwa gonjwa, na sisi tulitaka kulivika nguo mpya! Injini hii ya lita 5.7 hutoa nguvu za farasi 130 kwenye mizunguko 2,800 kwa dakika, na gavana ya pampu ya mazutu hairuhusu kuvuka hapo kwa mbali. Kamshafti ya nundu kubwa hulipa mizunguko ikiwa juu, huku chini ikipunguza mvuto, nasi matope ya Masisi tunayapanda gia ya chini, polepole, na magunia ya viazi mgongoni. Isitoshe, katika injini ya mazutu pistoni hufika karibu kabisa na vali. Iliyochelewa kufunga inaweza kugongwa. Kweli, kwenye milima inayopita mita 2,000 hewa ni nyepesi, lakini dawa yake ni tabo.

Mume wangu alinyamaza muda mrefu. "Basi tuweke ya namna ileile ya kiwandani," akasema. Fundi akadai na tapeti mpya, maana tapeti kuukuu hula nundu mpya.

Ndama dume ndiye aliyeuzwa, viazi vikajazia. Mama mkwe aliridhia kwa sharti moja: jibini yake isafiri bila nauli, ndani ya kabini, kando ya shofere.