Sifa za Taa Nyekundu

Washairi wamesifu simba na majemadari, na siku hizi husifu magavana hata kabla utepe haujakatwa. Mimi namsifu asiye na mshairi: taa nyekundu, ndogo kuliko punje ya mtama, inayopepesa kwenye kisanduku cha faiba mtu anapohamia nyumba mpya ya kupanga. Kodi ameshalipa, amana ameshaweka, godoro liko sakafuni, na intaneti hana. Kando ya taa hiyo pameandikwa herufi tatu, LOS, na ujumbe wake ni mmoja: mwanga haujafika. Wapangaji huitazama kwa chuki. Wamekosa adabu, na nitawaonyesha.

Tuanze na nasaba, maana msifiwa hutajiwa ukoo kabla ya matendo. Kabla ya 2009 Kenya ilizungumza na dunia kupitia satelaiti, kwa bei iliyowaliza hata wenye mabenki. Juni mwaka huo Rais Mwai Kibaki alikwenda Mombasa kuupokea waya wa TEAMS, uliolazwa chini ya bahari kutoka Fujairah. Mwezi uliofuata waya wa Seacom nao ukaanza kazi. Ndani ya waya hizo mna nyuzi za kioo zenye wembamba wa unywele, na ndani ya kioo mwanga hukimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Fujairah hadi Mombasa ni safari fupi kuliko kupepesa jicho. Kutoka pwani mwanga hupanda bara, huingia Nairobi, hushika Ngong Road, hukata kona Kilimani na kusimama kwenye kisanduku kilichofungwa juu ya nguzo, mbele ya geti lako. Hapo hushindwa na ngazi. Kilichovuka Bahari ya Hindi kimeshindwa kupanda ghorofa ya nne! Wengine wangeificha aibu hiyo ya familia. Taa yetu huitangaza mchana na usiku.

Ndiyo sifa yake kuu: haisemi uongo. Ipime na wenzake katika shughuli nzima ya kuingiza intaneti nyumbani. Kijana wa mauzo, aliyekaa chini ya mwavuli akiwa na fulana ya kampuni, hukwambia kazi itakwisha ndani ya saa 24, ila hasemi saa hizo zinaanza kuhesabiwa lini. Keateka hukuhakikishia kwamba jengo lina faiba tayari. Ni kweli, lakini ni ya kampuni moja tu, ile iliyoelewana na mwenye nyumba, nayo siyo uliyoilipia kwa M-Pesa. Huduma kwa wateja hukupa nambari ya malalamiko na kukushukuru kwa subira ambayo hujaitoa. Kisha yuko fundi.

"Bosi, niko njiani. Nimefika Kangemi."

Saa sita mchana yuko Kangemi. Saa tisa yuko Kangemi. Jua linazama nyuma ya vilima vya Ngong naye bado yuko Kangemi, hata mtu aanze kuamini kwamba mtaa huo, ambao kwa macho ya kawaida unakwisha ukikaribia Uthiru, kwa kweli unaendelea hadi Naivasha.

Ukiiuliza taa asubuhi, itasema mwanga haujafika. Ukiiuliza usiku wa manane, itasema vilevile. Uizime, uhesabu hadi thelathini, uiwashe tena kama ulivyoagizwa na sauti ya upole kwenye simu: itarudia ushahidi wake bila kubadili neno. Mawakili wa Mahakama ya Milimani wangelipa pesa nzuri kumpata shahidi wa namna hiyo.

Sifa ya pili ni kwamba haitoi ushahidi wa kusikia. Mei 2024 waya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na Afrika Mashariki nzima ikakaa ikitazama kurasa zisizofunguka. Taa nyekundu haikuwaka. Kwa nini iwake? Kazi yake ni kuchunga mwanga unaotoka kwenye mitambo ya kampuni hapa mjini hadi sebuleni kwako, na kipande hicho kilikuwa kizima. Mambo ya bahari iliwaachia wa bahari. Ni watu wangapi Nairobi hii wanaoweza kunyamaza juu ya jambo lisilo lao?

Tatu, ni mwalimu asiyedai karo. Mpangaji aliyeishi nayo kwa muda hujua kwamba unyuzi wa kioo ukikunjwa sana nyuma ya kabati huvujisha mwanga, hata kama haujakatika. Hujua kwamba unyuzi mmoja unaotoka mtaani hugawanywa kwa nyumba nyingi, kwa hiyo mwanga wake ni ndugu wa mwanga wa jirani. Hujua kwamba lori refu linaweza kuzikokota waya zilizolegea kati ya nguzo mbili, na kwamba wezi wa shaba hukata kwanza, ndipo wagundue kwamba walichokata ni kioo kisichouzika. Na fundi akija, maana siku moja huja, mpangaji humtazama akizikutanisha ncha mbili ndani ya kimashine chake, cheche ya umeme ikaziyeyusha zikawa kitu kimoja. Ni kazi ya ustadi mkubwa, hata ukasahau ulivyopanga kumtukana.

Taa hii ina washindani. Wa kwanza ni dada yake wa kijani, kipenzi cha watu. Jihadhari naye. Yeye huwaka mara tu mwanga unapofika, awe amekuletea intaneti au hajakuletea. Akaunti yako ikiwa haijawashwa na mtu fulani ofisini, atawaka kijani kibichi usiku kucha huku ukurasa wako ukizunguka tu. Nyekundu haijawahi kumpa mtu tumaini la bure.

Mshindani wa pili ni sahani ya Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023 ikitokea angani bila kuomba ruhusa ya nguzo wala ngazi. Wengi waliikimbilia, hadi Novemba 2024 ikasimamisha kwa muda kuwapokea wateja wapya wa Nairobi kwa kuwa nafasi zilikuwa zimejaa. Taa nyekundu haijawahi kujaa. Ina nafasi kwa kila mpangaji, wa Lavington na wa Kawangware sawasawa, bila kuuliza kodi ni kiasi gani.

Kwa sababu hizo natoa pendekezo. Taa hii isiachwe sebuleni peke yake. Ifungwe kwenye mfereji wa jikoni, iseme wazi siku ambayo maji hayapo, badala ya mfereji kukohoa hewa. Ifungwe kwenye lifti za Kileleshwa, kwenye matatu inayodai imebakisha mtu mmoja, na kwenye tangazo la nyumba "dakika tano kutoka barabarani". Na uchaguzi wa 2027 ukikaribia, ifungwe kwenye kila kipaza sauti cha kampeni, iwake kila mara kunapotolewa maneno yasiyo na mwanga ndani yake.

Najua wagombea hawataikataa hadharani. Wataiunga mkono kwa makofi, wataahidi kuinunua kwa kila kata, na wananchi wakiulizia, wataambiwa fundi ameshafika Kangemi.