Sifa za Klipu Isiyo na Kichwa wala Miguu

Wafalme wametungiwa sifa, maharusi wameimbiwa, hata Simba na Yanga wana watu wa kuwatetea mpaka sauti ikauke. Klipu ya sekunde thelathini, iliyorekodiwa gizani na mkono unaotikisika kwa kicheko, haijapata wakili. Basi leo naisimamia mimi, mkazi wa Kinyerezi, maana kata yetu inadaiwa nayo.

Kinyerezi ni mji wa mageti. Tumekuja kila mmoja na kiwanja chake, ukuta ukapanda kabla ya nyumba, juu yake tukapanga vipande vya chupa, na jirani tukamjua kwa honi ya gari. Serikali ikatujengea mitambo ya umeme wa gesi, wa Kinyerezi II peke yake megawati 240, lakini wa kutuunganisha sisi kwa sisi haukuwemo kwenye bajeti. Huo umekuja kwa bando.

Chukua klipu ya mtu anayekimbia usiku, mtungi wa gesi begani, kandambili mguu mmoja. Mwanzo hakuna, mwisho hakuna. Inaingia kwenye grupu la mtaa, lililoanzishwa kwa ajili ya michango ya ulinzi shirikishi. Mjumbe akiuliza nani hajalipa, grupu zima limelala. Mtungi ukikatiza, grupu zima limeamka.

Mwalimu mstaafu anasema huyo ni mwizi. Mama wa duka la dawa anakataa: mwizi gani anakimbilia kwenye taa? Shemeji wa mtu, ambaye hakuna anayekumbuka nani alimwingiza, anatoa hukumu: wakopeshaji wa kausha damu wamekuja kukomba vyombo, na mwenye nyumba kaokoa alichoweza. Wote wanacheka, ila wawili watatu wanacheka kidogo kuliko wenzao. Mchaga anadai mkimbiaji ni Mpare, nani mwingine angehatarisha roho kwa gesi iliyobaki robo? Mpare anajibu kwamba Mpare asingeiacha kandambili.

Kisha unaanza ugomvi wa mahali. Hii ni Kifuru. Wapi, ni Malamba Mawili, duka hilo la saruji nalijua! Kufika alfajiri klipu imeshavuka Msimbazi, watu wa Temeke wanaidai ya kwao, na Mbongo aliyeko Maskati anaikuza picha kutafuta bango la saluni.

Sifa yake kuu ni kutojua kwake. Habari kamili ina wenyewe: aliyeona, aliyesoma, mwenye cheo. Klipu haina mwenyewe. Mbele yake profesa na bodaboda wana ushahidi ule ule. Kuhusu mwenye mtungi, hakuna aliyemuuliza kitu, na utetezi huu unaomba jambo hilo lipite haraka.

Na asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya uswahilini. Mwishoni mwa 2021 Kili Paul na dada yake Neema, kutoka mkoa wa Pwani, walijirekodi na mavazi yao ya Kimasai wakifuatisha kwa midomo wimbo wa filamu ya Kihindi, Shershaah. Februari 2022 Ubalozi wa India Dar es Salaam ukampa Kili heshima, na mwezi huo huo Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja ndugu hao redioni. Wako mabalozi waliostaafu bila kufika hapo.

Wabaya wa klipu wapo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inambana anayesambaza uongo kwa kujua; watu wakajifunza kuandika "kama nilivyopokea", dua fupi ya kujikinga. Aprili 2020 WhatsApp wakazuia ujumbe uliosambaa sana usitumwe sehemu zaidi ya moja kwa mkupuo. Wenye moyo wakatuma moja moja.

Adui wa kweli ni sehemu ya pili. Ikifika, jamaa atakuwa alikuwa anawahi duka la gesi lisifungwe, basi, na grupu litarudi kwenye michango. Wewe uliyerekodi, kama unayo, ifute.