Ombi la Likizo kwa Mheshimiwa Bei ya Kahawa

Kwa Mtukufu Bwana Mkubwa,
Mheshimiwa Bei ya Kahawa ya Robusta,
Sokoni London, Uingereza.

YAH: OMBI LA LIKIZO YA MAWAZO YENYE MALIPO

Mheshimiwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima wa afya, tena ukiwa juu. Ikiwa uko chini, nakuomba radhi kwa kukusumbua. Huku Nkwenda, wilayani Kyerwa, sisi watumishi wako tupo, na wenzetu wa upande wa Karagwe wanakusalimu kwa unyenyekevu uleule. Hatukutegemea utujue. Tangu 2012, Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe, tumekuwa wilaya mbili. Kwako wewe, unayehesabu kwa dola na kwa tani, nadhani bado hatujafika hata moja.

Niruhusu kwanza nikukumbushe undugu wetu. Mwishoni mwa 1861 wageni wawili kutoka kwenu, Speke na Grant, walifika Karagwe, naye mfalme wetu, Omukama Rumanyika, akawapokea kwa ukarimu. Grant aliumwa mguu vibaya hata akashindwa kuendelea na safari. Mwenzake alipoondoka, yeye alibaki huku kwa miezi kadhaa akiuguza mguu wake. Nalitaja hili kwa heshima zote, Mheshimiwa, ili ufahamu kwamba watu wa nchi hii wanajua tangu zamani kuwa aliyelemewa hupewa nafasi ya kupumzika.

Pili, nakushukuru kwa malezi. Umetulea katika hali zote. Julai 1989, mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa viwango vya kuuza kahawa uliposimamishwa, wewe ulianguka, nasi tukaanguka pamoja nawe bila kuulizwa. Mwaka 2001 ulishuka chini ya dola 500 kwa tani, na wapo waliotazama mibuni waliyorithi kwa baba zao wakaanza kufikiria panga. Septemba 2024 ukapanda ukavuka dola 5,000, na sababu mojawapo ikawa ukame uliowapiga wakulima wa Vietnam. Nakushukuru hata kwa hilo, ingawa lilinikosesha raha: sijawahi kumtakia mabaya mkulima wa Vietnam, naye hajanitakia mabaya mimi, lakini umetupanga hivi kwamba mmoja wetu akilia ndipo mwingine anunue bati.

Tatu, nakushukuru kwa uangalizi wako wa usiku. Mwajiri gani mwingine hukumbuka watumishi wake saa nane za usiku? Wewe hukosi. Unafika chumbani pasipo kubisha hodi, unakaa pembeni ya kitanda, tunaanza mahesabu pamoja: sare za shule, madaftari, dawa za bibi, deni la dukani, mchango wa msiba. Asubuhi kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, na mtoto aliyemwaga maji kidogo anafokewa kana kwamba yeye ndiye aliyeshusha soko. Hayo ndiyo yanayoniumiza zaidi, Mheshimiwa. Hasira inayokustahili wewe inamwangukia asiyejua hata London iko upande gani.

Nne, nakushukuru kwa kutuachia wasaidizi wako. Mibuni ikiwa bado kwenye maua, huja mtu wa butura, yaani mnunuzi wa kahawa ambayo haijaiva, mpole kabisa, akiwa na fedha taslimu. Anajua Januari ina shida na kahawa yetu itaiva katikati ya mwaka. Serikali imekataza biashara hiyo, lakini katazo halinunui daftari. Basi mzazi anauza kahawa ambayo hajaiona, kwa bei ambayo hataki kuitamka mbele ya mkewe, kisha anapalilia shamba msimu mzima akijua mavuno si yake. Mwingine huvusha mzigo usiku kwenda Uganda, ng'ambo ya Mto Kagera, akihofia kila mwanga wa tochi. Mwingine hupeleka kahawa yake ya maganda kwenye chama cha msingi cha ushirika kama inavyotakiwa, akasubiri mnada kwa sala. Wote watatu, Mheshimiwa, hawalali. Mwenye kulala ni wewe peke yako, na sote tunakutakia usingizi mwema.

Usidhani tumekaa tu tukinung'unika. Wataalamu wa afya wametushauri, na ushauri wao ni mzuri: vuta pumzi taratibu, tembea, lala mapema, ongea na mtu unayemwamini, usizamishe mawazo kwenye gongo. Tumeyafanya. Katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa, tukimaliza kuhesabu hisa, tunabaki tukisimuliana yanayotusumbua. Nimeona mwanaume mzima akilia pale, na hakuna aliyemcheka. Mkopo mdogo wa kikundi umewaokoa wengi na butura, na usingizi wao umerudi vizuri kuliko kama wangepewa dawa. Nimejifunza kwamba mzigo wa mawazo unapungua mtu anaposikilizwa, na unapungua zaidi anapolipwa. Lakini pumzi ninayovuta jioni nikatulia, unaikata alfajiri kwa tangazo moja la redio.

Ndiyo sababu nimethubutu kukuandikia. Tarehe 10 Oktoba 2024 dunia iliadhimisha Siku ya Afya ya Akili kwa kuzungumzia mahali pa kazi. Nikatazama shamba langu, nikaona kwamba nalo ni mahali pa kazi, na anayeamua ujira wangu ni wewe. Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba mimi na wakulima wote wa kahawa wa Karagwe na Kyerwa tutambuliwe rasmi kuwa wafanyakazi wako wa kudumu wa kitengo cha wasiwasi, na tupewe haki zote zilizomo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kama ifuatavyo.

Wasiwasi usizidi saa 9 kwa siku wala saa 45 kwa wiki. Unaozidi hapo ulipwe mara moja na nusu. Wasiwasi wa kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi uongezewe posho ya asilimia 5, na hapo nakushauri kwa heshima uandae fedha nyingi. Kila wiki tupate saa 24 mfululizo za kutokuwaza chochote. Mama aliyejifungua apewe siku zake 84 pasipo kuambiwa umeshuka. Baba wa mtoto apewe siku 3 za kumtazama mwanawe usoni badala ya kumhesabu katika madeni. Na kila mwaka, kila mmoja wetu apate likizo ya siku 28 yenye malipo, ambayo katika muda wake hutapanda, hutashuka, wala hutatajwa redioni.

Mimi binafsi naomba likizo yangu ianze siku mibuni itakapochanua, maana ndio wakati mtu wa butura anapopita nyumba kwa nyumba. Nitamkaribisha kiti, nitampa kahawa ya kutafuna kama desturi inavyotaka, kisha nitamweleza kwamba niko likizo na siruhusiwi kujadili kazi.

Najua una shughuli nyingi na pengine hutajibu, hujawahi. Kwa hiyo, ili nisikuchoshe, kimya chako nitakihesabu kuwa idhini, na kikundi chetu kimeshakubali kuwa shahidi. Malipo ya likizo yaletwe kwa mhazini wetu, naye atakuandikia stakabadhi.

Wako mtiifu, kwa saa 45 kwa wiki na si zaidi,

Mkulima wa kahawa,
Nkwenda, Kyerwa, Kagera.