Waya Usioshtakiwa

Miongoni mwa wapenzi wa redio ya ridhaa, yaani wale waliopewa leseni ya kuwasiliana hewani kwa hiari na bila malipo, ipo desturi tukufu ya kulaumu jua, tabaka la angani liitwalo ionosfia, mtengenezaji na hata jirani kabla ya kuutupia jicho waya wa umeme. Redio ya wati 100, iliyosanifiwa kwa volti 13.8, hupokea sauti kwa ampea chache mno, lakini hudai takriban ampea 20 inapoanza kurusha, na hapo ndipo huzimika, jambo ambalo mwenyewe hulifafanua kwa nadharia ndefu za madoa ya jua. Waya wa milimita za mraba 0.75, ulionunuliwa pengine kwa sababu rangi yake ilipendeza, ukienda mita 3 na kurudi mita 3, una ukinzani, yaani kizuizi cha mkondo, wa karibu omu 0.14; kwa kanuni aliyoichapisha Georg Ohm mwaka 1827, ampea 20 zikipita humo hupotea volti 2.8, na redio hubakiwa na 11, zisizoitosha. Kipimaumeme kikiwekwa redio ikiwa imenyamaza huonyesha karibu 13.8 kwa utiifu kamili, na mshtakiwa huachiwa huru. Kipimo cha haki huchukuliwa kwenye plagi ya redio yenyewe wakati inarusha. Waya wa milimita za mraba 6 hupoteza chini ya nusu volti kwa umbali huohuo, na bei yake ni ndogo kuliko ya redio ya pili.